Barabara Iliyopita Katikati ya Migomba

Moraa, mjukuu wangu,

Hapa Sironga tu wazima, na mji sasa umetufikia mlangoni. Unauliza nani alileta barabara yetu? Ni majembe yetu sisi wanawake!

Majani ya chai yalikuwa yakituozea kwa kukosa lori, lakini baba mkwe wangu alikataa barabara ipite kwenye migomba yake. Basi sisi wanawake tukaingia migombani na majembe, wenzangu wakaniweka mbele, mimi niliyeolewa juzi tu. Mzee akatoka na fimbo, akanikuta nimeinama nachimba. Kwetu, baba mkwe hamkaribii mke wa mwanawe. Akarudi ndani na fimbo yake! Siku hiyo niliona heshima nayo ina nguvu zake.

Lori la kwanza lilipopanda, nani aliketi kando ya dereva akitupungia mkono? Yeye!

Nyanya yako, mchimba barabara