Hukuwa na Malaria, Masanja

Jumapili, baada ya ibada. Jua kali, vumbi la Nyasubi limeingia mpaka kwenye sufuria. Moyo wangu hautulii.

Masanja mwanangu, najua huwa unasoma humu kwenye blogu niliyofunguliwa na dada yako Kabula, unacheka ninavyoandika. Basi soma na leo. Baba yako hajambo, mgongo tu ndio unambana akiinama. Bibi yako hajambo, anasema marahaba. Hujamwamkia, lakini anasema anakuwekea akiba. Kabula hajambo, na mtoto wake ameanza kuota meno. Mama Kulwa jirani naye anakusalimu, usimnunie. Mimi ni mzima wa mwili.

Wa mwili tu.

Tangu Alhamisi simu yako haipatikani. Nikisikia pikipiki natoka mlangoni na mwiko mkononi.

Niseme yote hapa, maana moyoni hapatoshi. Mara ya kwanza yule kijana wa koti jeupe alipokuja na kigari chake cha dripu, nilimpokea kwa furaha. Nikasema, oneni, mwanangu anafuatwa na daktari mpaka nyumbani! Nikatoa chandarua msumarini, akatundika chupa yake kwenye msumari uleule. Sikujua kwamba hizo ni dripu za kuondoa pombe, kwamba vijana hao wanawazungukia wachimbaji waliouza dhahabu wakanywa mpaka kuzima. Nikawaambia majirani una malaria. Wakaja kukupa pole na uji, wakashikana mikono, wakaomba. Ulipoinuka wakapiga vigelegele. Nami nikapiga, huku harufu naisikia.

Alhamisi ikawa vilevile. Mama Kulwa akaweka chupa ya uji chini, akanusa.

"Mama Kabula, hii malaria ya kwenu mbona inanuka gongo?"

Wenzake wakabana vicheko. Wewe ukamwuliza yule kijana, "Braza, inaisha saa ngapi? Wenzangu wananisubiri duarani, tushuke shimoni."

Akakujibu, "Ikiisha hii, unashuka kama mtu mpya."

Unashuka. Neno hilo ndilo lilinimaliza. Asubuhi ile nilikupa kikombe cha maji, nikasikia kinavyogonga meno yako. Mkono huohuo ndio ushike kamba ya kushukia shimoni? Kichwa kikiacha kuuma, mkono nao unaacha kutetemeka? Mimi sijasoma, lakini mkono niliuona.

Ndipo nikasema mbele ya wote, "Hana malaria. Ni pombe. Jamani nisaidieni kumzuia, leo asishuke."



Wewe ukageukia ukuta. "Mayu, mama yangu mwenyewe, umenivua nguo mbele za watu." Ukachomoa sindano mwenyewe, ukapanda pikipiki ya kwenda Bulyanhulu, damu inakuchuruzika kwenye kiwiko. Uji hukuugusa.

Tangu siku hiyo najiuliza, ningefanyaje? Ninyamaze, uende shimoni na heshima yako? Au nikuaibishe, ubaki nikuone?

Nimekuaibisha, na bado umekwenda.

Jana wale wanawake wamerudi. Nikadhani wanakuja kunisema. Mama Kulwa kaja na chupa yake ileile. Nikamwambia, "Mgonjwa hayupo." Akanivutia kigoda. "Mgonjwa ni wewe, mama. Kaa hapa unywe." Nikanywa, nikalia, nikanywa.

Chandarua nimekirudisha kwenye msumari, na kitanda nimekutandikia. Ukipiga simu sitakuuliza habari za pombe, naapa. Hata kama huna la kuniambia, bipu tu, nijue mkono wako umeshika simu. Fanya haraka, mwanangu.

Bibi yako ameshaitikia marahaba. Sasa anaisubiri shikamoo yake.