Dadu ya Siku ya Kuchoma Vyungu

Leeds, Jumapili baada ya kanisa

Dada yangu mpenzi Tumpe, huko Ikombe,

Ugonile, dada? Umeamkaje wewe, shemeji, na mama mkwe wako? Mimi nimeamka salama, Mungu anasaidia, ingawa kulala huku ni kujifunika mablanketi mpaka unakuwa kama ndizi iliyovundikwa. Bado nafua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Mikono imekauka, lakini afya ipo.

Barua yako niliisoma nimesimama kando ya mashine za kufulia. Kwamba ulifinyanga kiangazi chote, kwa mara ya kwanza bila mama mkwe kukusaidia, na siku ya kuchoma vyungu vyako vikapasuka vyote. Kwamba majirani wanasema mtu aliyetoka kwenye mpunga wa Ndandalo hana mkono wa udongo. Na kwamba sasa unataka kuacha, uchuuze ndoo za plastiki, maana tangu mambo ya ruksa yaanze na bidhaa za nje kuruhusiwa, zimejaa Kyela mjini. Sikukujibu haraka kwa sababu sikuwa na la kusema. Sasa ninalo, nalo nimelipata mahali ambapo hutaamini.

Kazini kuna mpishi anaitwa Derek, mtu wa makamo, tumbo mbele, roho nyeupe. Jumamosi mchana watu hukusanyika kwake kucheza, naye akanialika. Nilidhani ni karata. Dada, si karata, si bao, si ludo! Derek anasimulia nchi ambayo haipo, na kila aliyekaa mezani ni mtu fulani ndani ya nchi hiyo. Yeye anasema, "Mbele yenu kuna mto umefurika," nawe unasema unafanya nini. Watu wazima wenye mvi wanaogopa mto wa mdomoni! Kwenye karatasi unaandika wewe ni nani, unajua kazi gani, na unaijua kiasi gani. Kisha unarusha dadu kuona kama umeweza. Nayo si kama ile ya ludo. Ina nyuso ishirini, sijui nani alikaa akaichonga. Ikitoka namba kubwa umefaulu, ikitoka ndogo umeshindwa.

Wenzangu waliandika wapiganaji na wawindaji. Mimi niliandika mfinyanzi, hodari, kwa ajili yako. Joan, mwalimu mstaafu anayeshika sheria za mchezo kama mzee wa kanisa, akaniuliza nitapigana na adui kwa chungu?

Siku hiyohiyo nikawachekesha. Derek alisema tumefika kwa mfalme, na mfalme huyo ni baba mkwe wa yule mwanamke mfinyanzi niliyemwandika. "Mtazame usoni, umwombe njia ya kupita," akaniambia. "Rusha dadu tuone kama atakubali."

Nimtazame usoni! Niliinuka nikajitanda skafu kichwani, nikakimbilia jikoni. Wakadhani nimeudhika. Nikawaeleza nikiwa hukohuko jikoni kwamba kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe; akimwona njiani anaingia migombani. Joan akasema sheria ni sheria, kila ombi ni dadu. Derek akafikiri kidogo, akasema, "Hapana. Hatuirushi kwa jambo lisilowezekana, wala kwa jambo lisiloweza kushindikana. Tunairusha pale tu mambo yanapoweza kwenda huku au kule."

Dada, mwili ulinisisimka. Mtu ambaye hajawahi kuona mgomba ameipa heshima ya baba mkwe nafasi ndani ya sheria yake! Niliona kama nimesimama mbele ya kitu kikubwa, na jikoni kwenyewe kunanuka vitunguu.

Basi mwindaji wa Joan akapeleka maneno, na mfalme akajibu: mkamwana alete mtungi wa maji alioufinyanga na kuuchoma mwenyewe, njia itafunguliwa. Nikaanza kusimulia huku nakuona wewe: kukanda, kufinyanga, kusugua kwa kokoto ya ufukweni mwa ziwa, kuanika kivulini. Kila hatua nikashika dadu, na kila hatua Derek akanizuia. "Hiyo anaijua. Iko kwenye karatasi." Tulipofika kwenye moto ndipo akasema, "Hapa rusha."

Ikatoka moja, mbaya kuliko zote.

"Basi huyo si mfinyanzi," Joan akasema. "Futa." Akanisogezea kifutio. Machozi yalinitoka mbele za watu, nikaona aibu, lakini nilikuwa nakuona wewe ufukweni umezungukwa na vigae.

Derek akafunika karatasi yangu kwa mkono wake mpana. "Karatasi inasema anajua nini. Dadu inasema siku ilikuwaje. Siku moja haifuti karatasi." Kisha akanigeukia. "Sekela, mimi kazi hii siijui. Tuambie wewe, kilitokea nini?"

Nikawaambia yale uliyoniandikia: upepo uliteremka ghafla kutoka milimani, nyasi zikawaka upande mmoja, upande wa pili vyungu vikabaki baridi. Joan akavua miwani.

"Kumbe dadu ilikuwa upepo," akasema taratibu. Halafu akaniuliza, "Udongo umebaki?"

"Umejaa tele," nikamwambia.

"Basi achome tena."

Nikachoma tena, nikarusha dadu. Ikatoka namba ya katikati. Derek akasema mtungi umetoka na doa jeusi ubavuni, lakini unashika maji. Joan mwenyewe ndiye aliyeupeleka kwa mfalme, maana mimi nilikuwa nimeshakimbilia jikoni.

Tangu siku hiyo nawaza jambo hili nikikunja mashuka. Uliniandikia kwamba mama mkwe hakusema neno, aliokota vigae tu. Mwulize, dada. Kaa naye umwulize yeye vyake vilipasuka mara ngapi. Naamini alinyamaza kwa kuwa anaujua upepo huo kuliko majirani wote.

Derek amenipa dadu moja, nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya bahasha hii. Usiirushe unapokanda wala unapofinyanga. Hapo ni mikono yako tu. Irushe siku ya kuchoma, uicheke, halafu uwashe moto hata ikitoa moja.

Nisalimie baba na mama huko Ndandalo, waambie nakula vizuri. Msalimie shemeji, na mama mkwe wako umpe ndaga yangu, asante yangu, kwa kukulea. Bwana Athumani wa dukani Kyela, anayetupokelea barua, mwambie Sekela hajamsahau.

Jambo moja sijakuambia. Yule mwanamke wa kwenye mchezo nilimpa jina lako. Karatasi iko kwenye droo ya Derek, imeandikwa: Tumpe, mfinyanzi, hodari. Hakuna aliyeifuta.

Mdogo wako anayesubiri mtungi wenye doa,

Sekela