Chungu cha Katikati ya Njia

Mama,

Tangu tukuzike sijatulia. Nakaa, nasimama, natoka nje kuangalia njia, narudi ndani. Wapagazi wetu sasa wananiita shefu kama walivyokuita wewe, na kila wanapoita nageuka kukutafuta.

Barabara imefika Mpofi, kule msituni. Kuna mfanyabiashara mwenye kamyo, lori kubwa, anayetaka kubeba mawese yote ya msituni na maharagwe yote ya huku Nyamitaba, njia nzima, bila mtu kuweka mzigo kichwani. Papa Bahati, mkubwa wa wapagazi wa milimani, alinijia kofia mkononi: "Mama Neema, kamyo haichoke, haigonjwe. Sisi tutakula nini?" Nilikasirika, Mama. Nilikukasirikia wewe, kwa kuondoka wakati huu.

Unakumbuka nilivyonung'unika pale kwenye kituo chetu cha katikati ya njia? Watu wa milima walileta maharagwe, watu wa msitu wakaleta mawese, wakabadilishana, kila mtu akarudi kwao. Lakini hakuna aliyegusa mzigo wa mwenzake kabla chungu tulichokula pamoja hakijaisha: maharagwe ya huku, mawese ya kule, chumvi yako. Mimi niliona tunapoteza siku na chakula cha bure. Wewe ulinisukumia mwiko tu: "Kwanza bakule, kisha njo tutaongea kazi."

Juzi mwenye kamyo alinizunguka. Alikwenda Mpofi mwenyewe, akatangaza bei nzuri kuliko yetu. Akarudi kwangu bila debe hata moja, akaomba nimsaidie. Watu wa msitu walimwambia, "Wewe, bado hatuyakula na wewe." Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikalia mpaka moto ukazimika.

Basi nimeamua. Kamyo ichukue barabara. Siwezi kushindana nayo, na shingo za watu wetu zimechoka. Wapagazi wa msitu watakwenda kamyo isikofika, upande wa Pinga, wateremshe mawese hadi barabarani. Wa milimani watakusanya maharagwe huko juu vilimani. Siku ya mzigo, wakubwa wa pande zote mbili watapanda kamyo, na kamyo itasimama pale katikati. Watashuka, watakula. Mwenye kamyo naye atakula, kwa mkono, kama wengine.

Kesho anakuja hapa Nyamitaba kusikia jibu langu. Naogopa, Mama. Anaweza kunicheka, akawasha kamyo yake na kwenda kutafuta mwingine, na watu wetu wote wako mgongoni mwangu. Nimeloweka maharagwe mara moja, nikaona ni machache, nikaongeza. Papa Bahati amekuja kuchanja kuni bila kuitwa.

Ninakuahidi jambo moja: sitamtajia bei kabla hajalamba vidole. Pumzika sasa, Mama. Mwiko niko nao mimi.

Binti yako,
Neema