Nilimdanganya Mama Sirili Kwamba Mwanawe Amepiga Simu

Mama Herieth mpendwa, mshauri wetu wa gazeti, pokea salamu kutoka Kirua Vunjo, naomba unisaidie na naomba usinicheke kabla hujamaliza kusoma, maana mimi siyo mtu wa kuomba ushauri, mimi ndiye ninayeombwa, nimeendesha lori miaka ishirini na mbili, nimelala Lusaka, nimelala Bujumbura, Lubumbashi nilivunjikiwa ekseli na nikaondoka najua kuomba chakula kwa Kifaransa, sasa nimetulia nina duka la spea Moshi mjini, shule niliishia darasa la sita lakini sijawahi kupotea njia, na leo nimepotea nikiwa nyumbani kwangu, katikati ya migomba yangu mwenyewe.

Habari yenyewe ni simu. Mwaka tisini na moja niliweka simu ya mezani, ya kwanza kwenye mteremko wetu wote, nguzo kumi na moja zilisimamishwa kwa ajili yangu tu, na tangu siku hiyo kwangu pakawa kama stesheni, watoto wa watu walioko Dar na Nairobi wakawa wanapiga kwangu, mke wangu Flavia kazi yake ikawa kupanda na kushuka kuita majirani, na aliyekuja mbio kuliko wote ni Mama Sirili, jirani yetu, mjane, ambaye mwanawe Sirili yuko nje ya nchi, na aliyempeleka huko nje ni mimi, nilimpandisha kwenye lori mwaka themanini na tisa nikamshusha Lusaka, akaendelea mwenyewe kusini. Kila Pasaka baada ya misa alipiga. Anwani hana, leo yuko mji huu kesho ule, alichokuwa nacho ni namba yangu basi.

Mwaka jana mwezi wa nane nikaikata ile simu, nilichoka, mvua ikinyesha inakufa na bili inakuja vilevile, nikanunua ya mkononi ya vocha, unaweka kidogo unaongea kidogo, ukiishiwa unapokea bure, nikatembea nayo kiunoni mpaka kanisani. Nikamwambia Mama Sirili, "Hii haina waya, inashika dunia nzima, Sirili akipiga atanikuta hata nikiwa shambani." Na nilikuwa naamini, Mama Herieth! Zamani si ulimwambia tu yule binti wa eksichenji, "Nipe kwa Baba Rodney wa Kirua," naye anakupa? Nikajua mimi nikihama na simu zangu zinahama. Mpaka Pasaka ya mwaka huu, Mama Sirili keshakaa sebuleni na kitenge chake kipya, simu nimeiweka mezani juu ya kitambaa, ndipo mwanangu Rodney, aliyekuja kutoka Dar, akaninong'oneza, "Baba, ile namba imekufa, hii ni nyingine. Sirili ataijuaje?"

Mama Sirili alikaa kuanzia saa sita mpaka saa kumi na moja. Hakula. Chai ikapoa. Akaniuliza taratibu, "Baba Rodney, si uiguse kidogo, labda imelala?" Nikashindwa kumtazama, nikachukua simu nikasema naenda kutafuta mtandao, nikazunguka nyuma kwenye migomba, nikaminya mlio wake ulie kwa nguvu, nikarudi mbio napiga kelele, "Mama! Mama! Amepiga! Mtandao umekatika lakini anakusalimu sana!" Akasimama kama msichana. "Amesema anakuja lini?" Na mdomo wangu huu, uliozoea kuwajibu trafiki kabla hawajauliza, ukasema, "Krismasi."

Rodney aliniangalia tu, kesho yake akarudi Dar. Jumapili iliyofuata Mama Sirili akatoa shukrani mbele ya jumuiya, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Kila wiki ananiletea ndizi. Kila wiki ananiuliza, "Sauti imekuwa nzito? Kichagga bado anakijua?" nami najibu imekuwa nzito, anakijua. Amemfungia beberu ndani anamnenepesha, na juzi amempa fundi Eliufoo kazi ya kitanda, "Kirefu, maana nasikia sasa ni mtu mzima." Flavia naye anaamini. Sasa ni mwezi wa kumi, usingizi sina, na rafiki yangu Theodory, dereva mwenzangu aliyeko Tunduma, anasema niache wasiwasi, yeye atapiga siku moja kabla ya Krismasi ajifanye Sirili, aseme amenyimwa likizo, Kichagga anakijua na sauti nzito anayo. Nimkubalie? Au nifanyeje? Jina langu naomba ulifiche, mimi ni mtu anayejulikana.

*Dereva mstaafu, Kirua Vunjo*

Jibu la Mama Herieth

Ndugu yangu dereva,

Kwenye ekseli nilicheka, nisamehe. Kwenye ile chai iliyopoa niliweka barua chini nikaenda kusimama dirishani. Wewe si mtu mbaya. Ulimwona mama wa watu ananyong'onyea mbele ya macho yako, ukampa ulichokuwa nacho mdomoni. Wengi tungefanya hivyo siku ile. Lakini miezi sita, baba? Makofi ukapiga? Ndizi ukala?

Theodory mwambie hapana, na umwambie leo. Mama akitambua kwamba si mwanawe, hatakuamini tena hata ukimwambia kunanyesha. Asipotambua ni vibaya zaidi: atakuwa amemmwagia mtu mwingine machozi yake, amembariki, amemwambia siri za nyumbani, na siku Sirili mwenyewe akipiga mama atajua kwamba alichezewa. Huo si msaada. Ni mchezo, na mama huyo hajaomba kuchezewa.

Na hapa ndipo nakugombeza hasa. Umeniandikia kurasa tatu juu ya uongo wako, hujaandika hata mstari mmoja juu ya kijana. Sirili Pasaka alipiga, mimi sina shaka. Alipiga namba iliyokufa, pengine mara kumi, na huko aliko hajui kama mmehama au mama yake amefariki. Anaogopa peke yake. Wewe umeona mtu mmoja anayesubiri, wapo wawili.

Hebu niambie, hiyo simu yako ya kiunoni, umewahi hata siku moja kuipigia namba yako ya zamani? Piga, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Akipokea mtu, msalimie kwa adabu, muulize kama kuna aliyepiga akimtafuta mama yake, umwachie jina la Sirili na namba yako mpya aibandike ukutani. Asipopokea mtu, nenda ofisi ya simu na bili yako ya mwisho, uombe namba ileile irudi kwako kama hawajampa mwingine. Utalipia simu mbili mpaka Pasaka ipite. Lipa tu, ndugu yangu, ulimpeleka kijana Lusaka ukajisifu kwa hilo. Theodory naye, kama kweli anataka kusaidia, awape madereva wanaovuka mpaka karatasi yenye jina na namba, wabandike kila mahali malori yanapolala kuelekea kusini. Siwezi kukuahidi kwamba atapatikana. Na wewe usimwahidi mama. Ahadi umeshatoa za kutosha.

Sasa mama. Mpitie kwanza Flavia, mwambie yote, akubali kufuatana nawe. Atakasirika, mwache akasirike njiani. Simu iacheni nyumbani, maana ikilia katikati ya maneno yako mama atadhani ndiye. Mpe shikamoo, kaa chini, usisimame mlangoni kama mdai. Sema hivi: "Mama, Sirili hakupiga. Sauti yake sijaisikia. Namba aliyokuwa nayo niliikata mimi, na nilikudanganya kwa sababu nilishindwa kukutazama." Kisha nyamaza. Usichekeshe. Nakujua tayari, utatamani kuchekesha. Akilia, kaa. Akikufukuza, ondoka, na kesho rudi, na keshokutwa. Beberu na kitanda ni vyake, ataamua mwenyewe la kufanya navyo, wewe usitie neno.

Ukishamaliza ndipo umweleze unavyomtafuta mwanawe, na umwombe akusaidie: alisema mara ya mwisho yuko mji gani, anafanya kazi kwa nani, rafiki yake anaitwa nani. Mama anakumbuka. Miaka yote hiyo alikuwa anasikiliza kuliko ninyi nyote mliokuwa sebuleni.

Ningekupigia mapema nikuonye, ila kwa majisifu yote yale umesahau kuandika namba yako. Jina lako nimelificha na majina ya wengine wote nimeyabadili, lakini Kirua nzima hakuna vitanda viwili virefu kwa fundi vinavyomsubiri mtu wa Krismasi. Gazeti hili linauzwa Moshi tangu asubuhi. Huko juu linafika na basi la saa nane, na mama hakosi mtu wa kumsomea. Asilisikie kwangu. Funga duka, panda gari sasa hivi.