Hapakuwa na Mteremko

Babu,

Shikamoo. Baada ya kuandika neno hilo nimetega sikio, kama ninavyofanya siku zote nikikusubiri useme, "Marahaba, koplo usu," kwa cheo ulichonipa. Nyumba imekaa kimya. Basi naendelea.

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Koti lako bado liko msumarini. Redio aliichukua mjomba. Chumba chako mama anataka kuwekea magunia ya alizeti, kwa hiyo ameniambia meza itoke kabla ya Jumapili. Meza hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Kazi yetu iliyo juu yake nimeiharibu, Babu. Halafu nikaipeleka Shelui ikiwa imeharibika, nikarudi nayo. Nitakueleza kwa mpangilio, maana ulinifundisha kwamba askari anayeleta taarifa haanzi na kilio.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa kidato cha kwanza, tumetoka kufundishwa skeli ya ramani. Ukaniuliza, mtu wa sentimita mia moja sabini, tukimpunguza mara ishirini, atabaki na ngapi? Nikasema nane na nusu. Ukakata waya, ukaupima kwa rula yangu, ukasema, "Basi huyu ndiye mtu wetu."

Mimi nilitaka vifaru na moshi wa pamba. Nilikuwa nimeona kwenye simu ya mama jinsi watu wa nchi za mbali wanavyojenga vita vidogo juu ya ubao, kila kitu kikiwa na kutu yake na vumbi lake. Wewe ukataka asubuhi moja tu ya vita vya Kagera: lori limekwama kwenye tope, askari kumi wanalisukuma. Nikalalamika kwamba hiyo si vita. Ukacheka hadi ukakohoa. "Vita sehemu kubwa ni kusukuma gari, mjukuu wangu. Kupiga risasi ni mapumziko."

Lori ulilikata kwenye kopo la mafuta ya kula, magurudumu tukayatoa kwenye kandambili zilizokufa. Turubai lilikuwa kitambaa cha mwavuli wa mama, ambao mpaka leo anadhani uliibiwa kanisani. Nilifurahi lori liliposimama, lakini wewe hukufurahi. Ulilizunguka huku umeinama, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. "Kamba ya turubai inafungwa kushoto. Fungua." Nikafungua. "Gurudumu lina nati ngapi hapo?" Nikasema tano. "Ng'oa, weka sita." Nikang'oa. Nilikuwa naumwa vidole, lakini nilijivunia. Darasani hakuna aliyekuwa na mwalimu mkali kama wangu.

Na ulikuwa na kanuni moja iliyozidi zote: usichokijua, kiache wazi, usijaze. Ndiyo maana askari wa tatu upande wa kulia hana mkoba mgongoni. Hukukumbuka kama alikuwa nao. Nikasema tumwekee tu, nani atajua? Ukaniambia, "Yeye atajua."

Uligomba mara moja tu. Nilikuwa nimepanga mawe na magazeti chini ya udongo ili ardhi ipande kidogo kuelekea mbele ya lori. Nilitaka watu waonekane wanasukuma kitu kizito kwenda juu. Ulipoona ulipiga meza kwa kiganja, kikombe kikaanguka. "Hapakuwa na mteremko! Palikuwa tambarare! Toa!" Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda la kuku. Baadaye uliniletea karanga, ukakaa karibu yangu. Nilidhani ni ukali wa uzee. Nilitoa mawe yote.

Nilipouliza kuhusu dereva, maana kibanda cha lori kilikuwa kitupu, ulisema, "Dereva tutamweka mwisho." Nikaridhika.

Sasa nije kwenye tope. Ulisema tope la kule lilikuwa jeusi, linanata, linavuta buti mguuni. Udongo wa nyumbani kwetu ni wa kichanga na mwekundu. Ulipoona nimeumwaga ubaoni ukasema, "Hapa umetuleta Ikungi, siyo Kagera." Nikachanganya masizi ya sufuria, ukakataa, ukasema rangi inaongopa. Miguu yako ilikuwa imeshaanza kuvimba, nami niliona muda unakwisha. Nikateremka ziwani, Singidani, nikachota tope la ukingoni pale ng'ombe wanapokanyaga. Nilirudi na ndoo nzima, nanuka. Ukatia vidole, ukasugua, ukafumba macho. "Ndilo," ukasema. "Ndilo lenyewe, koplo usu."

Babu, hiyo ndiyo siku niliyokuwa na furaha kuliko zote katika maisha yangu. Kwa tope hilo tukatandaza ardhi yote, na kwa tope hilo hilo nikafinyanga wale kumi juu ya waya. Wawili waliozaliwa kando ya ziwa la chumvi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba ni la chumvi. Ng'ombe wote wanajua.

Mtu wa kumi na moja sikumfinyanga mimi. Ulikuwa umemchonga zamani kwa mti wa mninga, ukamficha kwenye kikasha cha miwani. Ulinipa hospitalini, siku ile mama alipokwenda kununua uji. Alikuwa amelala ubavu, mkono umefunika uso. Ulisema anaitwa Shabani, na mahali pake ni nyuma ya gurudumu la nyuma, la kulia. "Kwao waliambiwa ni risasi. Mimi ndiye niliyepeleka begi lake, nami nikasema risasi. Haikuwa risasi. Alikuwa anaweka matawi chini ya gurudumu, dereva akarudisha gari nyuma." Ukapumzika. "Ikikamilika, ipeleke Shelui kwa dada yake, Zainabu. Aone ilivyokuwa. Mimi mdomo umekataa."

Nilisema nitaipeleka. Siku mbili baadaye ukaondoka.

Tulipotoka matanga niliingia chumbani kwako nikawasha taa, nikadhani mtu amemwaga unga. Ardhi yote ilikuwa nyeupe. Askari walikuwa weupe, nyuso zao zimeota manyoya ya chumvi. Nikachukua brashi nikapangusa; baada ya siku tatu ikarudi. Nikapangusa kwa kitambaa chenye maji, nayo ikatoka zaidi, na waya zikaanza kushika kutu ndani ya miguu yao. Wawili wakadondoka wenyewe. Kila nilichofanya kuwaokoa kiliwamaliza. Nilikaa sakafuni nikafikiri, kama ungekubali rangi, kama ungekubali masizi, wangekuwa wazima. Tope la kweli ndilo limewaua.

Nilikuwa nataka kungoja nitengeneze upya. Lakini likizo ilikuwa inakwisha, na mama alisikia kwamba Bibi Zainabu anaumwa. Tukapanda basi la Nzega, mama amebeba dumu la mafuta ya alizeti kama ulivyompelekea kila mavuno, mimi nimeshika boksi. Mama nilikuwa nimemwambia tu kwamba ni zawadi yako, gari la kumbukumbu.

Bibi Zainabu haoni tena, Babu. Mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili, anaona mwanga tu. Nilipojua hilo nilishukuru, Mungu anisamehe, kwa sababu hatauona ule weupe. Nikamwamkia. Akauliza mimi mtoto wa nani, mama akamweleza, akacheka. "Wa yule mzee anayekunywa maji kwa kusimama! Miaka yote hiyo hajawahi kukaa kwenye kiti changu. Nikimwambia kaa, anasema gari linamsubiri, na gari lenyewe silioni."

Nikaweka ubao mkekani, nikamshika mkono. Akaanza kupapasa. Alimjua askari kwa kofia. "Huyu anasukuma. Na huyu. Mbona wanavunjika?" Mikono yao ilikuwa inabaki kwenye vidole vyake. Akalamba kidole. "Chumvi! Binti, hawa umewafinyanga au umewaunga?" Binti yake, Mama Asha, akacheka, hata mama yangu akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka siku hiyo.

Mkono ukafika nyuma ya gurudumu, ukasimama.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, bibi."

Alimpapasa kichwa, mkono uliofunika uso, magoti. Alikaa naye muda mrefu. "Tuliambiwa risasi," akasema. Nikamweleza ulivyoniambia: matawi, gurudumu, gari kurudi nyuma. Nilitumia maneno yako yale yale. Mama alikuwa ananitazama kama hanifahamu.

Bibi Zainabu akalaza kiganja kwenye ardhi, akakivuta taratibu kutoka mbele ya lori hadi nyuma. Chumvi ikawa inalia chini ya ngozi yake.

"Hapa palikuwa na mteremko?"

Babu, nilikuwa nimefumba macho. Niliyaona yale mawe na magazeti. Niliona kikombe kinaanguka.

"Hapana, bibi. Palikuwa tambarare."

"Basi halikujirudisha." Vidole vyake vikapanda mlango wa kibanda, vikaingia ndani, vikatafuta. "Hapa mbona hamna mtu?"

Mama akasema haraka haraka kwamba mzee alifariki kabla hajamaliza. Bibi Zainabu akageuza uso upande wangu. "Babu yako jeshini alikuwa anafanya kazi gani?"

Ningeweza kusema sijui. Askari wa tatu hana mkoba kwa sababu ulisema usichokijua kiache wazi. Lakini hili nilikuwa nalijua. Nadhani nilikuwa nalijua tangu siku ile nyuma ya banda la kuku, ila nililiweka mbali. Ulisema "dereva" kama mtu mwingine, nami nikakubali awe mtu mwingine.

"Alikuwa anaendesha malori, bibi."

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mafuta yake nimeyala miaka yote hii." Akamng'oa Shabani kutoka kwenye tope, akamtia ndani ya khanga yake, kifuani. "Huyu ni wangu, anabaki. Hayo mengine rudini nayo."

Mama Asha alitusindikiza hadi barabarani pale malori yanapoegeshwa. Alikuwa amebeba dumu letu. Akaliweka chini karibu na miguu ya mama, likiwa limejaa vile vile, akasema, "Amesema mrudi nalo. Msinichukie mimi."

Basi lilipokaribia mjini, mama alinigeukia. Ndipo akasema, "Ungesema kulikuwa na mteremko, ungepungukiwa nini? Umemzika baba yangu mara ya pili." Sikukusudia kukuaibisha. Ulinituma, nikaenda. Lakini wakati mwingine nafikiri ulinituma mtoto kwa sababu ulijua mtoto hataongopa, na hilo linaniuma, Babu. Ulihesabu nati sita, ukaikumbuka kamba ya kushoto, lakini yule dereva ukaniachia nikamtaje mimi.

Nimekaa siku mbili bila kujua kama nikuandikie hilo. Nimeliandika. Nakupenda vile vile.

Kuna kitu kimoja sijamwambia mama. Tulipokuwa tunavuka mlango, mama ametangulia, Bibi Zainabu aliniita, "Mtoto." Nikarudi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kabla ya kurudisha gari, alitazama nyuma?"

Nikasimama pale na ubao wangu mweupe. Nikasema, "Sijui, bibi. Hakuniambia."

Akatikisa kichwa polepole. Sijui alikuwa anakubali au anakataa.

Babu, ulitazama nyuma? Nauliza mimi pia. Kila asubuhi nikienda shule nakuuliza. Kama ulitazama na hukumwona, hiyo ni habari moja. Kama hukutazama, hiyo ni habari nyingine. Na hakuna mtu aliye hai anayejua. Wale kumi walikuwa wanasubiri amri wameinamisha vichwa. Ulinifundisha mwenyewe kuwafinyanga hivyo. Hilo haliwezi kupimwa kwa rula yoyote.

Ardhi ile nimeikwangua yote, nimeimwaga nje. Hapo ilipomwagika hata kuku hawadonoi. Lori limebaki, na nati zake. Dumu la mafuta liko chini ya meza, halijafunguliwa, hakuna anayetaka kupikia.

Nimeanza kumchonga dereva. Natumia kipande cha mninga kilichobaki kwenye sanduku lako la misumari. Mwili nimeumaliza, mikono imeshika usukani, koti ni la kijana. Uso nimeuacha laini, sikuujua uso wako wa miaka ile. Kichwa ndicho kilichonishinda. Nikikiunganisha kikitazama mbele, nimekuhukumu. Nikikigeuza nyuma, nimekutetea. Vyote viwili ni kujaza. Basi nimekitoboa chini, nikakichomeka kwenye waya. Kinazunguka.

Naagana nawe hapa, kabla mama hajarudi kutoka sokoni. Nakuahidi hivi: mavuno ya alizeti yakiisha nitakwenda Shelui na lori, dereva akiwa ndani, na dumu jipya. Huenda Bibi Zainabu asinifungulie. Huenda nikakuta matanga. Nikimkuta, nitamwekea kile kichwa kati ya vidole vyake, akigeuze mwenyewe anavyoweza. Akiniambia kaa, nitakaa, nitakunywa maji nikiwa nimekaa.

Ulisema siku ya kumaliza utanipandisha cheo. Hatujamaliza. Kwa hiyo nabaki,

koplo usu wako,
Ester