Keki Iliyofungwa kwa Uzi

Jumatatu, 1 Machi 2004

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma! Filamu mpya ya majasusi. Muigizaji anayecheza mtu wa KGB, wale usalama wa Usovieti, kavikwa koti jeusi la ngozi, ndani sare, medali kifua kizima — utadhani mti wa mwaka mpya uliopambwa. Anavunja mlango kwa teke. Koti nimeshona mimi, mabega yanambana. Rimma anayepika chai ya studio kaninong'oneza: Kapa, huyu jasusi au kaja kuuza farasi? Tukaanza kucheka tena. Miaka thelathini nacheka na shoga yangu huyu, mlango kwa mlango.

Jumatano, 3 Machi

Mdomo wangu hauna kitasa. Nilikuwa nalitia pini koti la yule muigizaji, dairekta Rodion kasimama hapo, nikaropoka: wale hawakuvaa hivi! Suti ya kijivu, kama mwalimu wa hesabu. Na nani alitaja herufi zile tatu? Tulisema Ofisi, basi. Mlango hawavunji, wanabisha. Mchana kweupe. Wanakuita jina lako na la baba yako, kwa heshima kuliko mkwe! Wanaleta keki, boksi limefungwa uzi. Hawakuulizi kitu. Wewe mwenyewe ndiye unaongea.

Rodion kanitolea macho. Shangazi, umejuaje?

Nikasema nimesikia kwa watu.

Rimma alikuwa mlangoni na sinia la chai. Hakucheka.

Alhamisi, 4 Machi

Nimekata kitambaa vibaya mara mbili.

Valentin Sergeyevich. Alikuja kwangu mara tatu, mwaka themanini na nne. Kucha safi! Nilidhani ananitaka. Mjane mimi, miaka thelathini na mbili, mwanaume analeta keki — ningefanyaje? Nikamsimulia jengo zima. Nani kapata zulia, nani kalala nje. Na kile kichekesho cha Gleb, mume wa Rimma, alichokitoa kwenye bethdei yangu, kuhusu wazee wanaotawala nchi wanavyokufa kwa zamu. Valentin alicheka mpaka akafuta machozi. Nikafurahi, mpumbavu mimi.

Mwezi uliofuata Gleb akafukuzwa kazi kwenye taasisi yake. Injinia mzima, akapelekwa kutia makaa kwenye boila! Huko huko mpaka kifua kikamuua.

Rimma alilia begani kwangu. Nani, Kapa? Tulikuwa sita tu mezani, nani? Nikamwambia labda Borya wa ghorofa ya pili.

Hajamsalimia Borya mpaka leo.

Ijumaa, 5 Machi

Rodion kaandika upya! Leo wamepiga: mwanamke jikoni, jamaa wa suti ya kijivu, keki katikati. Mwanamke anaongea, anaongea. Jamaa anasema "Enhe?" tu. Nimemfundisha mimi, mpaka ule uzi — usiutupe, uviringishe kidoleni, utie mfukoni. Valentin alifanya hivyo kila mara.

Mzee wa taa kasema hii sasa ndiyo kweli, wengine wote wanatudanganya. Rodion kanibusu! Jina langu litatokea mwishoni, mshauri wa historia. Mimi, wa darasa la saba!

Rimma alisimama nyuma ya kamera mpaka mwisho. Kisha kaja, kaniuliza taratibu: na huo uzi, shoga — nao uliusikia kwa watu?

Nikasema nina kazi ya pasi.

Jumatatu, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Kila mwaka Rimma huja na maua ya mimosa, mimi natengeneza saladi ya samaki na viazi. Nimeweka sahani mbili. Jumamosi hakuja, jana hakuja.

Saa nane mchana kabisha. Nimechungulia kwenye tundu la mlango. Kavaa koti lake zuri. Maua hana. Kashika boksi, limefungwa uzi.

Anaita kwa upole, jina langu na la baba yangu: Kapitolina Yegorovna.

Miaka thelathini ananiita Kapa!

Nimerudi jikoni, naandika. Birika linapiga mluzi, lazima analisikia. Ngazini kuna mtu anapanda — Borya, namjua kwa kikohozi. Kamsalimia Rimma.

Rimma kamwitikia. Tena kwa jina lake na la baba yake.

Anabisha tena. Hana haraka.