Nyumba ya Magunia Mia Tatu

Jumanne, 10 Juni 2025
Wiki ya sita tangu tumzike mume wangu, Kipriani. Leo mdogo wake, Niyibizi, amekuja. Nilidhani anakuja kunijulia hali. Hakukaa. Alipima sebule kwa hatua, ukuta hadi ukuta, midomo ikihesabu. "Shemeji, hapa pataingia magunia mia tatu ya mahindi, ukivunja ukuta wa chumbani."
Ukivunja. Chumbani nalala mimi.
Tangu lami ifike Kasulu na kuleta wanunuzi wa mazao, watu wamekuwa hivi. Kila paa ni ghala. Jirani, mwalimu mstaafu, amehamia jikoni ili sebuleni kwake yalale maharage. Anajiita mwekezaji. Mwekezaji anayelala kando ya mafiga.

Alhamisi, 12 Juni
Niyibizi kaja na mpangaji — Mudathiri, mnunuzi wa mahindi. Nimewapa chai. Siwezi kumnyima mtu chai hata nikimdharau.
Mudathiri anagonga kuta kama anayechagua tikiti maji. Anasema Kibondo wameshakodisha hata ukumbi wa harusi. Wakacheka.
"Ila madirisha yazibwe, mama. Panya, wezi," Mudathiri akasema.
Nikasema Kipriani aliyafanya makubwa kwa sababu ya kifua chake. Kila jioni alikaa pale, shati wazi, akivuta hewa.
"Sasa hahitaji hewa," Niyibizi akasema, akaongeza sukari.
Hati ya nyumba ina jina langu. Bila saini yangu hakuna mkataba.

Jumapili, 15 Juni
Ukoo umekaa kikao. Watu kumi na mmoja, kila mmoja na hesabu yake ya magunia. Shangazi yao anasema mjane mmoja hajazi nyumba. Wamenipangia chumba Heru Juu kwa Niyibizi, uani, jirani na mbuzi.
Nimesema nitafikiri. Huo ndio ugonjwa wangu — kusema hapana watu wakinitazama siwezi. Wamelichukua kama ndiyo, wameshapiga makofi.

Jumatano, 18 Juni
Asubuhi nimekuta fundi anachanganya saruji. Katumwa na Niyibizi aanze kuziba madirisha. Sijasaini hata nukta.
Nilimpa chai. Kisha nikapanda dirishani, nikakaa, miguu nje, na daftari hili.
Anaitwa Elie, ana adabu. "Mama, saruji itakauka."
Nikamwambia ikauke.
Kampigia Niyibizi. Kelele za kwenye simu nazisikia hadi huku.
"Anauliza utashuka saa ngapi."
"Mwambie hapana."
"Hapana saa ngapi, mama?"
"Hapana tu."
Pikipiki ya Niyibizi inapanda kutoka barabarani, Mudathiri kakaa nyuma. Miguu imekufa ganzi. Wote wananitazama, na bado nasema hapana.